Rula Moja kwa Vijiji Vyote

Ndugu waombolezaji, mimi Salvacion Famatid, niliyeishia darasa la tatu, nimepewa kazi hii kwa sababu wenye vyeti wote wanalia, basi nisikilizeni.

Mjukuu wangu Rowena alizaliwa tarehe 9 Machi 1986 hapa Iloilo, mtoto wa kwanza wa mwanangu Nestor, akasoma shule ya hapa hapa kijijini, kisha chuo kikuu mjini, akahitimu takwimu mwaka 2007, na mwaka uliofuata akaajiriwa ofisi ya afya, kazi yake kuiandikia kompyuta amri, nayo ikachora grafu za wagonjwa, kazi ya kukaa kitako ambayo sikuielewa mpaka mwaka wa homa ya dengue.

Mwaka huo, 2019, alichora grafu ya kila kijiji, akaiachia kompyuta ikipe kila kijiji kipimo chake, kwa hiyo wagonjwa watatu wa Tabunan wakasimama warefu sawa na sitini wa Baybay, na wakubwa, kwa kuona mstari wa Tabunan unapanda kama mwizi wa nazi, wakaamuru dawa ya mbu ipelekwe huko. Aligundua akiwa mezani kwangu, kijiko mkononi.

"Lola," ndivyo alivyoniita mimi bibi yake, "nimeharibu."

"Si ufute?"

"Imeshabandikwa kwa meya."

"Basi kaibandue, unanitazama nini?"

Akaenda, akasimama mkutanoni, mkubwa wake akamfokea, "Unatuaibisha mbele ya wageni!", naye akajibu, "Kosa ni langu, bwana, lakini Baybay wanazika watoto", akachora upya kwa rula moja, Tabunan ikalala bapa kama dagaa mkavu, Baybay ikagonga ukingo wa juu wa karatasi, na magari ya dawa yakageuzwa yakiwa njiani.

Ndoa nisiisahau: aliolewa na Efren Tacsagon tarehe 14 Mei 2011, mvivu wa kunyoa lakini si wa kupenda, wakajaliwa Althea na Zandro.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022, akawa anasafishwa damu, hadi alipofariki tarehe 3 Juni 2024, alfajiri, mumewe akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao aliwasahihishia chati zao bila kuombwa, majirani mliochinja nguruwe, wenzake wa kazini mliokesha nasi mkicheza karata, na bwana yule aliyemfokea, ambaye leo amebeba jeneza. Nanyi wa Baybay, naona mmekuja na watoto wenu, wengine wameanza kuota ndevu, msimshukuru yeye, hasikii, nendeni mkawafungie vyandarua.

Wena wangu, kazi umeimaliza, pumzika.