Machibya Luhende na Jiwe Lililohesabiwa Zege

Mmepotea. Ninyi wa saiti za Magu, ninyi wa Buhongwa, na ninyi mliohamishiwa ng'ambo ya maji mkajifanya mmehamia nchi nyingine, mmepotea vibaya. Ofisi kuu mnaikumbuka saruji inapowaishia. Simu mnapiga, ndiyo, lakini simu haili chapati, na kwa simu sioni nani amekonda. Basi hadi mletewe karatasi hii mkononi ndipo mjue kwamba Machibya Luhende, mkadiriaji wetu wa vifaa vya ujenzi, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka thelathini na mitatu katika Kampuni ya Ujenzi ya Jiwe Pacha. Thelathini na mitatu. Kuna wenzenu hapa wamezaliwa, wamesoma, wameajiriwa na wameshaota vitambi, yeye yupo kwenye meza ile ile ya dirishani.

Wasifu huu ulitakiwa kuandikwa na mtu wa utawala. Nikakataa. Mtu wa utawala angeandika kwamba alikuwa mchapakazi, mwadilifu na mwenye ushirikiano mzuri, halafu angeweka nukta, kama anavyoandika kwenye msiba wa mtu asiyemjua. Mimi Evelina wa jikoni ndiye ninayempa chai tangu akiwa na nywele. Darasani sikukaa hata siku moja, kwa hiyo nasema na Queen wa mapokezi anaandika, na nimemwonya asininyooshee maneno.

Machibya alikuja mwaka 1992, kijana mwembamba wa Magu, na suruali iliyoshikiliwa na mkanda wa kaka yake. Kwa asiyejua kazi yake, mkadiriaji ndiye anayetazama ramani ya nyumba ambayo bado haipo, akasema itakula matofali mangapi, mifuko mingapi ya saruji, malori mangapi ya mchanga na mabati mangapi. Akisema pungufu, mafundi wanakaa juu ya ndoo wakisubiri. Akisema zaidi, saruji inagandia stoo, au kampuni inakosa zabuni kwa kuonekana ni ya walafi. Ni kazi ya mtu mwenye wasiwasi, na yeye wasiwasi alizaliwa nao.

Miaka mingi alifanya hivyo kwa ramani za karatasi, rula, na kalamu za rangi zilizokaa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Ukuta akishauhesabu anaupaka nyekundu, asije akauhesabu tena. Zege bluu. Mabati kijani. Ramani akimaliza nayo ungeweza kuifunga kiunoni ukaenda nayo harusini.

Tatizo lake moja ni kwamba hakujua kuacha. Kanisani alihesabu mabati huku mchungaji anaomba, na amina ilipotoka tu akamfuata mzee wa kanisa kumwambia kwamba upande wa kushoto yamepungua mawili. Kwenye harusi ya binti yangu alijitolea kukadiria mchele wa wageni mia mbili. Nikamwambia hii si zege, baba, watu wa kwenu wanarudia sahani. Hakusikia. Saa nane mchana tulikuwa tunaazima mchele nyumba kwa nyumba, na bwana harusi ameshika uma mtupu. Mpaka leo akiliona sufuria langu kubwa anatazama pembeni.

Sasa niwaambie habari ya mwaka 2019, kwa sababu wengi mnaijua nusu.

Mwaka huo Mkurugenzi wetu Mihayo alileta ile programu ya kompyuta ya kuchora majengo. Ndani yake nyumba haikai kama mistari ya karatasini. Inasimama nzima, unaizungusha kama unavyozungusha chungu sokoni kutafuta ufa. Ukigusa ukuta, unakuambia urefu wake, unene wake na umejengwa kwa nini. Ukibonyeza panapotakiwa, inakutolea orodha ya vifaa vyote hadi vitasa vya milango. Pamoja na programu akaja msanifu kijana, Akelo Ooko, binti wa Rorya, vidole vyepesi kama vya mtu aliyekulia kuchambua dagaa.

Mkurugenzi akatangaza kikaoni kwamba orodha zote sasa zitoke kwenye programu. Machibya akapewa muda hadi zabuni ya kwanza ya mwaka mpya. Akiweza, meza yake inabaki yake. Asipoweza, Akelo achukue kazi ya kukadiria pamoja na uchoraji wake, na mzee aende stoo ya Buhongwa kutunza makoleo hadi siku ya kustaafu. Mihayo hakusema kwa ubaya. Alisema mbele ya watu wote tu, na hilo linauma kuliko ubaya.

Mtu wa miaka hamsini na minne. Siku hiyo alirudisha kikombe kimejaa. Mimi herufi sizijui, lakini kikombe kilichorudi kimejaa nakisoma vizuri.

Kesho yake akaja jikoni na kompyuta ameificha ndani ya koti, akaniuliza kama nina pembe isiyopitiwa na watu. Nikasogeza unga, akapata nafasi. Siku mbili nzima alikitazama kioo kama anayemsubiri mgeni asiyemjua. Kipanya alikibonyeza kama anaua kunguni. Siku ya tatu nikamkuta ameshaupaka ukuta wa kwanza rangi nyekundu. Programu haikuhusika. Alikuwa ameshika kalamu yake ya rangi, ameipaka kwenye kioo chenyewe.

Nikamuuliza kwa nini hamwombi Akelo amwonyeshe. Akasema yeye ni rika la baba yake, na mzazi haendi kwa mtoto kuomba afundishwe kutembea. Maneno mazuri, ya kijinga. Nikatoka nikamleta binti, nikafunga mlango.

“Akelo, huyu mzee hajui,” nikasema, kisha nikamgeukia Machibya kwa jina la mtoto wake. “Na wewe Baba Odeta, huyu mtoto anajua. Kaa.”

Akakaa juu ya debe la mafuta, maana kiti kilikuwa kimoja na nilikuwa nimeshampa mwalimu.

Akelo alimwamkia shikamoo, akafuta kioo kwa kitambaa changu cha vyombo bila kucheka hata kidogo. Alicheka baadaye nyuma ya tangi la maji, nilimsikia. Kisha akamwonyesha mzee kwamba programu nayo inaweza kupaka rangi: ukuta uliohesabiwa ukaiva nyekundu wenyewe mbele yake. Hapo ndipo Machibya alipovuta debe karibu. Wiki sita walisoma pale, saa ya chai, mimi nikiwaruka na masufuria yangu.

Wala hakuwa anapokea tu. Ndani ya programu kulikuwa na tofali la nchi za watu, limenyooka kama kipande cha sabuni. Machibya akachukua futi yake, akaenda Buhongwa kwa wachoma matofali, akapima matofali mia moja, moja baada ya jingine, mpaka wenye tanuri wakadhani ametumwa na serikali. Akarudi na kipimo cha tofali letu lilivyo kweli, na Akelo akakiingiza. Akataka pia kwa kila mia yaongezwe matano ya kuvunjika njiani. Binti akasema barabara mbovu haimo kwenye ramani. Mzee akamjibu kwamba lori nalo halimo, lakini linapita humo humo.

Zabuni ya kwanza ilikuwa ya wodi ya wazazi, kijiji kimoja cha ufukweni wilayani Magu, ambako wajawazito walikuwa wakijifungulia kwenye chumba kimoja na stoo ya dawa. Kiwanja kilikuwa na jiwe pembeni, kubwa kama chumba cha kulala, kama yalivyo haya mawe yetu. Akelo akachora wodi, akachora na jiwe lenyewe, baraza likilizunguka vizuri. Machibya akatoa orodha mwenyewe kwenye programu, kwa mkono wake, kama alivyoagizwa. Siku ya kupeleka zabuni tulikusanyika wote, hata mimi na birika langu. Mkurugenzi alikuwa na funguo za gari mkononi.

Nikamwona Machibya kalamu yake imesimama kwenye mstari wa zege.

Kila mtu mle ndani alijua kinachopimwa. Akisema kwamba namba ya kompyuta ina walakini, kisha ikaonekana kakosea, ni mzee anayegombana na mashine, na kesho yake asubuhi yuko Buhongwa na makoleo. Akinyamaza, meza ni yake, maana orodha imetoka kwenye programu kama ilivyotakiwa na hakuna aliyemuuliza zaidi. Mkurugenzi akasema twende, muda unakwisha, mashine haichoki wala haisahau.

Machibya akaomba dakika tano. Akakaa kwenye kompyuta, akaizungusha ile wodi mbele ya watu wote, polepole, hadi upande wa nyuma. Akaligusa jiwe. Pembeni pakaandikwa: zege. Queen alinisomea sikioni.

Kumbe kwenye programu Akelo hakupata kitu kinachoitwa jiwe la Mwanza, akalifinyanga kwa kile alichokikuta karibu, akasahau. Na programu, ambayo haijawahi kuuona mlima wowote, ikalihesabu jiwe zima kwa uaminifu: saruji yake, mchanga wake, kokoto zake.

“Mkurugenzi,” Machibya akasema, “hili Mungu alishalimwaga. Sisi tunalimwaga tena la nini?”

Mihayo alicheka hadi akavua miwani. Wote tulicheka, isipokuwa Akelo, aliyekuwa anatazama viatu vyake. Mkurugenzi alipomaliza kujifuta macho akauliza nani amelichora hilo. Swali dogo, lakini la kumfukuzisha mtu kazi. Mtoto wa miaka ishirini na mitano, kazi yake ya kwanza.

“Orodha ni yangu,” Machibya akasema. “Mkadiriaji ndiye anayetakiwa kuuliza kila kitu kimeumbwa kwa nini. Nilichelewa kuuliza.”

Wangapi kati yenu mngesema hivyo, na meza yenu imewekwa rehani? Msinijibu.

Wakaliondoa jiwe kwenye hesabu, wakaliacha kwenye picha. Zege likapungua karibu nusu. Karatasi zikafika kabla ya saa sita, zabuni tukaipata, na katika wodi ile leo wanazaliwa watu. Ujenzi ulipokwisha yalibaki matofali kumi na tisa tu, mafundi wakayajengea benchi kwenye kivuli cha jiwe. Na siku ile ile, kabla birika halijapoa, Mihayo alienda mbele ya wote walewale wa kikao kile akasema meza ya dirishani ni ya Machibya mpaka atakapoichoka mwenyewe.

Tangu hapo ofisi yetu ina desturi. Hakuna orodha inayotoka kabla ya nyumba kuzungushwa na kila kitu kuguswa kuulizwa kimeumbwa kwa nini. Tunaita kugusa jiwe. Vijana wanakuja kutoka vyuoni na vyeti vyao, swali la kwanza wanaloulizwa ni hilo, umegusa jiwe, na wanageuka kulitafuta uani.

Msidhani sifa hazikumpanda kichwani. Zilimpanda. Programu ikibadilishwa toleo analalamika kana kwamba ni shamba la baba yake limevamiwa na ng'ombe. Mwaka juzi alimchorea mkewe Bernadeta jiko jipya, akamwita aje alione limesimama kwenye kioo, lina dirisha, lina kabati, na mlango unaofungukia moja kwa moja kwenye banda la kuku. Siku hiyo hakugusa jiwe. Bernadeta alimwambia amwachie jiko lake la zamani, na akale huko kwenye kompyuta.

Jumatatu iliyopita alifika kabla ya wote. Akafuta meza, akatoa vitu vyake, akakivuta kiti cha Akelo hadi dirishani. Hakuna kikao kilichomtuma. Binti alipoingia akamwambia akae, akahamia kwenye kiti cha wageni na barua yake ya kustaafu mapajani. Akelo alilia. Mimi nilikuwa nakata vitunguu.

Baba Odeta, asante kwa kila nyumba iliyosimama bila mafundi kulala njaa wakisubiri tofali. Asante kwa kumfunika mtoto wa mwenzio. Mchele nimekusamehe, leo, mbele ya watu. Nenda ukapumzike na mwili wenye afya, wajukuu wakupandie mgongoni, Bernadeta akuvumilie, na siku zako ziwe nyingi kuliko makadirio yako.

Lakini mimi namjua. Mtu aliyepigania meza namna ile, ukimpa kiti cha uvivu na redio, mwezi wa pili tutakuwa tunamzika. Kwa hiyo ninyi mliopotea nisikilizeni. Mkija Mwanza msianzie kwangu kuomba chai. Anzieni kwake Kiseke, nyumba yenye geti la bluu nyuma ya mashine ya kusaga. Mwamkieni kwanza. Sukari na soda acheni huko huko dukani. Mpelekeeni ramani yenye kosa ndani yake, na msimwambie liko wapi.