Ghala Lisilokuwapo: Maisha ya Mukash Abdyldaevich Sarygulov

Waliopo leo, Alhamisi tarehe 8 Februari 2018, katika ua wa nyumba namba 14, Kyzyl-Asker, mjini Bishkek, ni hawa: ndani ya hema la sufu, karibu na maiti, yupo mama mzazi, Batma Mamyrkan kyzy, mwenye umri wa miaka tisini, kuliani kwake yupo mjane, Sairakan Isakova, kushotoni yupo Galina Petrovna Lysenko, aliyefanya kazi na marehemu tangu mwaka 1974, nje, wakiegemea fimbo na kulia kama ipasavyo, wapo wanawe wawili, Melis na Ulan, yupo Jengish Osmonov, ofisa mstaafu wa forodha, na yupo anayesoma, Asylbek Mamyrkanov, mjomba wa marehemu, mwalimu mstaafu.

Hayupo Ernis, mdogo wa marehemu. Juzi mchana Mama Batma alimwita Asylbek, ambaye ni ndugu yake wa tumbo moja, akamwambia, "Mdogo wangu, wewe ndiye utakayesoma. Ukifika kwa Ernis, usinizungushe. Mafumbo ya kwetu nayajua yote, mengine nimeyatunga mwenyewe." Desturi yetu ni kwamba habari ya kifo haitamkwi kavukavu mbele ya mzazi, hutangulizwa hadithi ya farasi aliyevunjika mguu, au ya mwewe aliyekata kamba, mpaka mzazi aelewe mwenyewe; lakini Asylbek ameahidi kutii, na ahadi hiyo itatimizwa mahali pake.

Mukash Abdyldaevich Sarygulov alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kijijini Shamshy, Kochkor, mtoto wa kwanza wa mchungaji Abdylda Sarygulov na Batma. Ernis alizaliwa tarehe 2 Juni 1964, na kwa kuwa baba yao alifunikwa na maporomoko ya theluji majira ya baridi yaliyofuata, Mukash ndiye aliyembeba mgongoni kila likizo, akawa kwake kaka na baba.

Mwaka 1958 alipelekwa shule ya bweni ya Kirusi, Rybachye, ambako mwalimu alimwandika "Misha", na alipokataa kuitikia jina lisilo lake alipigwa rula ya chuma vidoleni hadi ngozi ikapasuka, siku tatu mfululizo, siku ya nne akaitikia. Tangu hapo hakuandika neno lisilo la kweli katika fomu yoyote, wala hakuacha nafasi yoyote wazi, na tabia hiyo ndiyo iliyoleta yanayofuata.

Alihitimu uhandisi mjini Frunze, kama Bishkek ilivyoitwa enzi hizo, mwaka 1974, akaajiriwa katika kituo cha mashine za kukokotoa cha kiwanda cha vyombo vya vipimo, akamwoa Sairakan tarehe 5 Novemba 1976, wakajaliwa Melis mwaka 1978 na Ulan mwaka 1981. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1993, mashine zilipasuliwa kwa mashoka na mikono ileile iliyoziunda, ili shaba iliyomo ikauzwe.

Mwaka 1996, katika chumba cha mbele cha nyumba hii, yeye na Galina Petrovna walianza kuandika programu za kompyuta za wafanyabiashara wa nafaka wa Ujerumani na kuzituma kwa waya wa simu, lakini benki ilikataa kutoa malipo bila fomu ya forodha, kwa kuwa sheria ilijua kwamba kitu kinachouzwa nje ni lazima kipite mpakani. Basi Mukash aliitia programu katika diski, akaifunga kwa leso, akaipeleka forodhani, naye Jengish Osmonov akaiweka juu ya mizani ya ngozi za kondoo. "Gramu kumi na nane," akasema. "Kaka, nini hii, heroini?" "Ni hesabu za ngano." "Haya, ngano yenyewe iko wapi?" Wote wakacheka, Mukash naye akacheka. Fomu iliuliza uzito, kifungashio na, nafasi ya kumi na tisa, ghala la bidhaa. Na yeye, asiye na ghala na asiyeweza kuacha nafasi wazi, akaandika mahali kompyuta ilipokuwa: nyumba namba 14, Kyzyl-Asker.

Fomu ile ilipita mikono mingi, hata ikafika kwa genge lililotoza wafanyabiashara fedha kwa nguvu. Jumatatu tarehe 9 Novemba 1998, saa nne asubuhi, waliingia wanamieleka wanne wa genge hilo wakiongozwa na Kubat Tynaliev, wakawakuta Mukash, Galina Petrovna, na Ernis aliyekuwa ameleta nyama ya kondoo kutoka kwa mama. "Shikamoo, mzee, tumekuja kuona ghala," alisema Kubat. Mukash akajibu kwamba ghala hakuna, kinachouzwa hupita kwenye waya. "Yaani Wajerumani wananunua hewa?" "Si hewa, ni kazi." Wakavunja kompyuta kwa mtaimbo, wakamvunja Galina Petrovna taya alipoikingia kifua, kisha wakaubana mkono wa kulia wa Mukash kwenye bawaba ya mlango, wakawa wanauliza "Ghala liko wapi?", na kila alipojibu ukweli walivunja kidole kimoja, hata vikawa vitatu. Hapo Ernis akapaza sauti, "Mwacheni huyo, woga umemtia wazimu! Ghala liko Tokmok, funguo ninazo mimi!" Mukash alijua kwamba Tokmok palikuwa na banda tupu la sufu, na kwa mara ya kwanza maishani aliuacha uongo upite. Ernis akavaa kofia, akasema, "Kaka, mwambie mama nyama imefika," akatoka nao, wakampakia katika gari jeupe.

Januari 1999, moyo wa mama ukiwa taabani na madaktari wamekataza habari nzito, alipata barua iliyochapwa kwa mashine, kwamba Ernis amekimbilia Kaliningrad na hawezi kurudi, na barua hizo zikaendelea kila majira kwa miaka kumi na tisa. Mukash ndiye aliyezichapa, kwa vidole vilivyobaki vimenyooka.

Miaka hiyo alizunguka Chisinau, Yerevan hadi Geneva, kila palipokuwa na mkutano kuhusu kuuza huduma kwa njia ya kompyuta kutoka nchi kama zetu, na wataalamu walipouliza kikwazo ni nini, aliweka mkono wake juu ya meza na kusema, "Nafasi ya kumi na tisa." Tarehe 3 Mei 2001 watu waliokuwa wakila kwa fomu zile walimvizia, wakampiga kwa mabomba ya chuma, akapoteza figo moja, mwezi wa tatu mwaka 2005 waporaji waliichoma ofisi yake mpya, akaendelea. Tarehe 17 Aprili 2009 kanuni ilitiwa saini, kwamba huduma inayopita kwa waya haina uzito, haina kifungashio, haina ghala. Jengish Osmonov ndiye aliyemletea nakala, akisema, "Kaka Mukash, sasa huna ghala hata kisheria," naye akacheka, kisha akalia mpaka wakamshika.

Figo iliyobaki ilishindwa Septemba 2016, akawa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki, akafariki Jumanne tarehe 6 Februari 2018, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, barua ya majira haya ikiwa nusu. Sairakan alipokwenda kumweleza mama msiba na ukweli wa barua hizo, mama alisema, "Nilijua tangu barua ya pili. Ernis hajawahi kuweka nukta mwisho wa sentensi maishani mwake. Nilimwacha kaka yake aandike, kwa sababu ndiye aliyekuwa na haja nazo."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuazima masufuria na kuchinja farasi, wenzake wa kazi, na vijana wanaouza leo kazi zao kwa waya bila kuulizwa ghala.

Marehemu aliomba azikwe kando ya kaburi ambalo jiwe lake halijaandikwa jina, na fundi ameshaanza kulichonga jina hilo. Mukash, umechoka, pumzika. Udongo wako uwe hariri.

Dada Batma, mwanao Ernis Abdyldaevich Sarygulov alifariki Tokmok, Jumatatu tarehe 9 Novemba 1998.