Honi ya Baba Yenu

Niinueni kidogo, mniegemeze mto, kisha mkae mahali ninapoweza kuwaona wote watatu. Usihangaike na dawa, binti yangu; dawa imeshafanya kazi yake, iliyobaki ni ya Mungu. Nitasema mara moja, wanangu, nanyi msinikate kauli, maana pumzi niliyo nayo ni ya kuazima na mwenyewe yuko njiani kuja kuichukua.

Nianze na mali ili tuimalize, kwa sababu mali humziba mtu masikio asisikie yanayofuata. Nyumba hii ni yenu nyote na asiiuze mtu, ili atakayeachika, au atakayechoka na dunia, akute chumba chenye kitanda. Karakana ni ya binti yangu, pamoja na benchi, mita za kupimia umeme na kibao kilichoko mlangoni. Wala nisisikie mtu akinong'ona kwamba mwanamke kapewa karakana, kwani aliyeifungua alikuwa nani, jogoo? Kitindamimba, wewe uliyekuwa ukiikimbia grisi kama paka anavyokimbia maji, kiwanja cha nyuma ni chako, jenga duka lako. Na wewe, kifungua mimba wangu, usininunie. Sijakusahau. Lako ni zito, nalo ndilo lililonifanya niwakusanye.

Mnajua baba yenu alifia ndani ya lori lake, lakini mmelijua jambo hilo vipande vipande, kila mmoja na kipande chake, na penye wengi pana mengi. Leo lisikieni zima.

Siku ile aliegesha lori kwenye uwanja wa mbao akingoja zamu ya kupakiwa, jua likiwa la utosi, akajilaza kwenye kiti kama wafanyavyo madereva wote. Mdogo wake, baba yenu mdogo, alikuwa upande wa pili wa ghala akipanga mbao. Asubuhi walikuwa wamegombana, ugomvi wa ndugu usio na kichwa wala miguu, kwa ajili ya kamba ya kufungia mzigo. Basi honi ya lori ikaanza kulia. Ikalia bila kukatika. Naye akawaambia wenzake, "Huyo ni kaka, ananiita anitukane tena. Apige mpaka achoke." Alipouona moshi alitupa mbao, akakimbia, akaufungua mlango wa moto kwa mikono mitupu, na mikono hiyo mmeiona ilivyo mpaka leo. Alimkuta kaka yake amelala, kiganja kimoja chini ya shavu. Akamvuta nje, lakini alikuwa ameshakwenda.

Hakuna aliyemshitaki. Alijishitaki mwenyewe, msibani, mbele ya watu, kwamba aliisikia honi akaiacha. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile ulivunja nyumba. Bibi yenu alisimama, akamtazama mwanawe, akasema, "Kuanzia leo nina mtoto mmoja tu, naye yuko kaburini." Baba yenu mdogo akaondoka na nguo alizovaa. Nawe, kifungua mimba, ulikuwa umesimama kando ya bibi yako, meno umeyauma, na nikajua hapo hapo kwamba neno lile limeingia kwako kama mwiba unaovunjikia ndani.

Mimi niliwafulia watu nguo, nikawalea ninyi. Lakini honi haikunitoka. Gari likipiga barabarani, mikono yangu iliganda ndani ya beseni. Nilimsikia akiita nilipoanika, nilimsikia nilipowapakulia chakula, nikijiuliza kila mara: alikuwa akimwita nani? Mimi? Ninyi? Aliita kwa muda gani kabla hajajua kwamba hakuna anayekuja? Mwenye kovu usidhani kapoa, wanangu. Nilicheka nanyi, nikawaimbia, na honi ilikuwa inalia.

Ndipo mteja wangu mmoja, mke wa mlinzi wa chuo cha ufundi, aliponiambia kwamba lile lori lililoungua limevutwa hadi chuoni kwao, wanafunzi wa umeme wa magari walitumie kujifunza. Nilikaa na habari hiyo kama mtu aliyekalia kaa. Halafu nikaenda kujiandikisha.

Mwalimu alinitazama, akatazama viatu vyangu, akasema, "Mama, mafunzo haya ni ya vitendo. Tunalala chini ya magari."

Nikamwambia, "Mwalimu, mimi nimelala chini ya mengi."

Akanipokea. Vijana wakaniita Bibi Betri, kwa kuwa siku ya kwanza niliunganisha vibaya, cheche ikaruka, nikapiga kelele wakasikia hadi ofisini. Walinicheka, nikacheka nao, na siku zilizofuata wao ndio walionishikia taa nisome namba za waya. Nilijifunza kwamba umeme hutoka kwenye betri, ukafanya kazi yake, ukarudi nyumbani kupitia bodi ya gari, kwamba pasipo njia ya kurudi hauendi popote, na kwamba fyuzi ni mlinzi anayekubali kufa yeye ili waya zisiungue. Nilipenda, sitawaficha. Nilipenda kuona taa iliyokufa ikiwaka kwa sababu nimesugua kutu mahali padogo kama kucha. Lakini lori lilikuwa kwenye kona ya karakana ya chuo, chini ya turubai, na kwa wiki nyingi sikulisogelea. Nilifanya kazi nikilipa mgongo, na mgongo wangu ulijua lilipo.

Likaja somo la honi. Mwalimu alikuwa amefunga ubaoni betri, honi, na waya mmoja mwembamba. Akasema, "Honi inangoja jambo moja tu, waya huu uguse chuma cha gari. Kidole chako kikibonyeza usukani, kazi yake ni kuugusisha."

Nikauliza, "Na kama hakuna kidole?"

"Vipi, mama?"

"Kama gari linaungua."

Mwalimu alijua mimi ni nani. Nadhani alijua tangu siku ya viatu. Akajibu polepole, "Ganda la waya likiyeyuka, waya ukagusa chuma, honi italia yenyewe. Italia mpaka moto uukate waya, au betri ife."

Nikaenda kwenye kona, nikalivuta turubai mwenyewe.

Harufu ilikuwa bado imo, wanangu. Tulifuata waya, yeye na mimi, kutoka kwenye honi hadi chini ya usukani, na hapo tukaukuta, shaba tupu, umeng'ang'ania chuma kana kwamba umelehemiwa. Tulifuata na mwingine, ule uliowasha moto: waya wa feni ndogo ambayo baba yenu aliifunga mwenyewe kwa ajili ya joto, moja kwa moja kutoka kwenye betri, bila fyuzi. Simsemi vibaya marehemu. Alikuwa anasikia joto, basi. Mwalimu akanikalisha kwenye ndoo, akaniambia kwamba moshi wa plastiki humzimisha mtu usingizini kabla hajajua, na kwamba mkono unaoweza kubonyeza honi ungeweza pia kufungua mlango. Nami nikakumbuka kile kiganja chini ya shavu, ambacho sote tulihadithiwa na hakuna aliyekisikia.

Nilimtafuta baba yenu mdogo, nikamkuta akibeba magunia mji wa mbali. Akasema, "Shemeji, unanituliza tu." Sikubishana naye. Nilimleta chuoni, nikamwonyesha waya, kisha mwalimu akausogeza ule wa ubaoni kwenye chuma kwa kijiti, mikono yetu sote ikionekana, pasipo wa kubonyeza. Honi ikalia. Yule mwanamume mzima akaanguka magoti, akaziba masikio kwa ile mikono yake. Iliponyamaza akasema, "Rudia." Mwalimu akarudia. "Rudia tena." Aliisikiliza mpaka betri ikaishiwa, machozi yakimtiririka, na vijana wote walikuwa wametoka nje kwa adabu.

Bibi yenu nilimweleza. Akaniambia, "Chuma hakisemi," akageukia ukutani, na alikufa akiwa ameugeukia. Wewe, kifungua mimba, ulimwamini yeye. Sikulaumu, ulimpenda. Lakini umekuwa mwanamume mwenye ndevu na bado unavuka barabara ukimwona baba yako mdogo.

Nipe maji. Basi, yametosha.

Msidhani elimu iliifukuza honi. Bado naisikia. Hata asubuhi hii nimeisikia. Tofauti ni moja: zamani nilimsikia mtu, sasa nasikia waya, na baada ya waya nabaki mimi peke yangu na swali kama aliota nini mwishoni. Hilo hakuna chuo kinachofundisha.

Sasa sikiliza. Dada yako amenong'ona kwamba baba yako mdogo ameketi ngazini tangu asubuhi, kwa sababu umemwambia humu haingii. Mimi ndiye niliyemwita. Sikuamuru umpende, upendo hauamriwi. Nakuamuru ufungue mlango. Fungu lako ni hilo. Mzee yule hana mtoto, na kesho kutwa hatakuwa na shemeji. Awe wako. Akiugua, umpeleke hospitali wewe. Akifa, uingie kaburini wewe, umpokee...

Nizikeni karibu na baba yenu, bila maneno mengi. Binti, wafundishe watoto wa kike... wakija, usiwaangalie viatu.

Kiti kimesogea. Nani amesimama? Macho yangu hayafiki... Ni wewe, kifungua mimba wangu? Nenda, baba. Nenda, usinitazame mimi, nenda.

Mungu awape mioyo miepesi. Awape usingizi. Mkosane... mpatane kabla ya chakula.

Nasikia nyayo za wawili. Shemeji, karibu. Kaa hapo, karibu na mwanao.