Vueni Viatu Kabla ya Kukanyaga Mkeka Huu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Bwana Lowell Sedivy. Mwalimu Mkuu, Bi. Jorgensen, makocha wa shule jirani, hata nyinyi wa Pohlman mliotufunga mwaka ule, wazazi, wanamieleka wetu, ndugu wageni waalikwa, na wewe mke wangu Arlene, unayenionya kwa macho kutoka meza ya kolache, maandazi yetu ya jamu, nisitie chumvi: nawasalimuni nyote.

Mimi ni Duane Kratochvil. Niliacha shule darasa la kumi na moja, lakini sijawahi kuishiwa la kusema. Mnanifahamu: ndiye niliyembeba ndama wa kilo mia mbili kuvuka mto ulioganda, barafu ikikatika nyuma yangu kila nilipoinua mguu. Naona Arlene anatikisa kichwa. Haya, kilo themanini. Barafu ilikatika kweli.

Nimeombwa niseme machache juu ya chumba hiki kipya cha mieleka, na juu ya kocha wake, Tessa Novotny, mtoto wa dada yangu. Ndugu zangu, miaka sita imepita tangu amalize shule na bado nimeduwaa. Hapahapa Nebraska nimeona kimbunga kikinyanyua banda zima na kulitua ng'ambo ya barabara, nami nikamaliza kahawa yangu. Lakini huyu binti aliniacha mdomo wazi, na haujafunga vizuri mpaka leo.

Alipomaliza shule, alama zake zilikuwa za kuhurumiwa. Nikamtafutia kazi kwenye ghala la nafaka ninapofanya mimi, nikampa bosi neno langu. Akaniambia, "Mjomba, mimi naenda chuo cha jamii."

"Kile cha miaka miwili? Kinachopokea kila anayebisha hodi?"

"Hichohicho."

Nikacheka mpaka kofia ikadondoka. "Hiyo ni sekondari ya nyongeza, darasa la kumi na tatu! Utarudi kabla mahindi hayajavunwa."

"Nitarudi," akasema, "ila si ghalani kwako."

Nilikuwa na hakika atashindwa. Nani humu hakuwa na hakika? Ainue mkono. Mwenyekiti, naona mkono wako umetulia mfukoni.

Kumbe kule darasani walikuwa kumi na wanne tu, na mwalimu wao, Bi. Imogene Pratt, alimjua kila mmoja kwa jina na kwa gari lake bovu. Muhula wa kwanza kabisa akamtuma Tessa akakae saa arobaini katika shule ya msingi, asaidie watoto kusoma, ajionee kama ualimu anauweza. Alasiri alipigana mieleka kwenye timu ya chuo. Jumamosi alifundisha wadogo namna ya kuanguka bila kuumia. Siku moja nikaenda kumchukua, nikamkuta amepiga magoti mkekani, anamwambia mtoto anayelia, "Umeanguka vizuri sana. Haya, sasa niangushe mimi." Na akaangushwa! Nikaganda mlangoni. Huyu ndiye yule aliyekuwa akijificha chooni siku ya kusoma mbele ya darasa?

Miaka miwili ikaisha, chuo kikuu kikayapokea masomo yake yote, akamalizia miwili mingine, akarudi kwetu kufundisha biolojia na mieleka, kwa mkataba wa majaribio wa mwaka mmoja. Na mimi nusura niutupe mkataba huo jalalani.

Mnaikumbuka Jumamosi ile ya Februari. Bodi ilikuwa ikutane Jumatatu kuamua abaki au aende, na mji mzima ulisema tukiwashinda Pohlman, anabaki. Pambano la mwisho likaisha: sisi thelathini na nne, wao thelathini na tatu. Nikaruka kutoka kwenye viti, safu saba, Arlene, saba! Nikatua katikati ya mkeka na buti zenye matope, kabla mwamuzi hajainua mkono wa mshindi wetu.

Shabiki akivamia mkeka, timu yake hukatwa pointi moja, na sare ingewapa Pohlman ushindi, maana waliwaangusha wetu wengi zaidi. Lakini nilivaa kofia ya kampuni ya mbegu, bila rangi ya shule yoyote. Mwamuzi alitoka mbali, hanijui. Akawauliza makocha wote wawili, "Huyu mtu ni wa nani?"

Kocha wa Pohlman akainua mabega. Nikamnong'oneza Tessa, "Sema hunijui. Sema tu hunijui, mwanangu."

Akamgeukia mwamuzi. "Ni wangu. Ni mjomba wangu, ndugu wa mama yangu. Kata pointi."

Ndugu wageni waalikwa, farasi amewahi kunipiga teke la kifua, na sikukosa pumzi vile. Tukashindwa mbele ya watu elfu moja. Haya, mia tatu. Tessa akaelekeza kidole mlangoni: "Mjomba, nje. Na Jumatatu saa nane mchana uje na ndoo, upige deki mkeka ulioupaka matope."

Nikapiga deki. Jioni nikaenda kwenye kikao cha bodi, mikono inanuka dawa, nikakaa nyuma kabisa nikitazama sakafu. Mwenyekiti, ulimuuliza, "Mwalimu, mbona hukunyamaza tu? Mwamuzi asingejua."

Akakujibu, "Ndiyo, asingejua. Lakini wanamieleka wangu kumi na tisa wanamjua mjomba. Ndiye anayewaletea kolache."

Ulivua miwani, ukaifuta, ukaivaa tena. Kura saba kwa sifuri, abaki! Nikauliza jirani yangu mara mbili kama nimesikia sawasawa.

Mjini huwa natamba kwamba mimi ndiye niliyemshauri aende chuo kile. Leo ananitazama usoni, nimeona niseme kweli. Nilicheka, na nilikosea. Vijana mnaochekwa na wajomba zenu, nendeni mkajiandikishe.

Tangu siku ile sijaliacha dekio. Mkeka huu mpya nimeupiga deki asubuhi mara tatu, na hii haina chumvi. Mgeni akiuliza huyu mzee mwenye ndoo ni wa nani, jibu mnalo.

Nawashukuru kwa kunivumilia. Tessa, chumba ni chako. Mimi nimeshavua buti, nasimama hapa na soksi. Mwenyekiti, tuanze na wewe: viatu.