Isale la Mashine

Wewe unayecheka kabla ya kusikia, meza hicho kicheko. Unaiamini simu inayokuonyesha njia ya kwenda kwenu ulikozaliwa, halafu ukiambiwa kuna mashine hapa Rau iliyopewa jani ikasamehe, unakunja pua. Kaa usikilize, au nenda kachekee kwako. Muulize Bi Elisifa. Kibanda chake, birika lake, benchi lake. Masika yalikuwa yanamwaga, ndiyo maana wazee walijibana ndani badala ya kukaa nje pembeni ya njia. Alikuwepo Rajabu, fundi redio, anayeitwa Injinia kwa sababu kila alichokifungua hakikufungika tena. Alikuwepo Yassin, aliyewahi kufagia mahakama, wakamwita Wakili. Na kwenye ncha ya benchi, koti likichuruzika, Ndelilio, mpagazi wa mlimani aliyestaafishwa na magoti, sasa mwangalizi wa chumba cha gofu hotelini. Mkewe Gladys alikuwa amerudi kwao Kirua Vunjo tangu Jumapili, na Ndelilio hajala cha moto. Sababu Bi Elisifa aliijua. Mtaa mzima uliijua.

— Hebu rudia, mbe, alisema Injinia. Gofu ndani ya nyumba?

— Ndani. Kuna kitambaa ukuta mzima, kinaonyesha uwanja, miti, mabwawa. Unapiga mpira, unagonga kitambaa, unadondoka hapo hapo. Lakini kwenye picha unaendelea kuruka.

— Kwa hiyo haujaenda, lakini umefika.

— Ndiyo.

— Kama kesi, alisema Wakili.

— Na mashine yenyewe haiguswi! Hakuna kitufe, hakuna rimoti. Unasema "taa," taa zinafifia. Ukipiga vibaya, unapitisha kichwa cha fimbo juu ya duara jekundu kwenye zulia. Jicho la darini linaona, linakufutia pigo, unarudia.

— Bila kushika kitu?

— Bila kushika kitu.

— Sasa je! Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi. Ndiyo maana wazungu wameiondoa mikono yenyewe.

Bi Elisifa alimimina kahawa. Methali kinywani mwa Yassin ni kiatu cha kulia kwenye mguu wa kushoto: kinaingia, lakini usimwambie atembee.

Bi Elisifa alikuwa anamwangalia Ndelilio. Mzee mzima alishinda kutwa akiona wageni wanatamka neno na vitu vinatokea, jioni akarudi nyumbani, akakaa kitini, akasema, "Taa." Gladys akawasha. "Maji." Gladys akaleta. Siku ya tatu hakusema kitu. Alipitisha mguu juu ya mkeka, akangoja. Gladys akafunga kanga zake.

— Sasa Jumatatu, Ndelilio aliendelea, nimeamka nyumba baridi, jiko limelala, nikaenda kazini na hasira zangu. Nikaitukana ile mashine. Kwa Kichagga.

— Ukaiambiaje?

— Mambo ya mama yake.

— Eh!

— Ikazima. Kimya. Meneja, yule Loveness, akaja: "Babu, Jumamosi wageni wana mashindano. Isipoamka, kazi yako ana mwingine." Nikalala macho. Jana alfajiri nikaenda kwenye mpaka wa shamba langu, nikavunja jani la isale, nikaliweka juu ya duara. Nikainama. Nikasema, nisamehe, mbe.

— Ikawaje?

— Ikawaka! Ikaandika pale ukutani: pigo limefutwa.

Hata Rajabu na Yassin, watu wa mjini na msikiti wao, wanajua isale ni nini. Mchagga akiletewa jani hilo hana pa kukimbilia. Atasamehe hata kama ulimchomea banda na ng'ombe ndani.

— Loveness anasemaje? aliuliza Bi Elisifa.

— Anasema umeme ulikuwa umekatika ukarudi, na jicho lilidhani jani ni fimbo. Watoto wa siku hizi, Bibi!

— Hamna, hajui huyo, alisema Injinia. Mimi nafungua vyombo. Ile mashine ni ya Marangu. Kuna kijana wa kule alikwenda Ulaya, akaisokotea waya za nyumbani.

— Basi kama ni Mchagga, ina haki ya kihamba, shamba la ukoo, alisema Wakili. Kisheria, migomba yake na kahawa yake.

— Na mbuzi akichinjwa, inapewa kipande gani?

— Kidari.

— Italaje, haina mikono?

— Italishwa! Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

— Tena iwe mtunza sadaka kanisani kwenu, Ndelilio. Haina mkono, haiibi.

— Iende mbali zaidi, Wakili alisimama kabisa, kikombe kikimwagika. Tuipakie kwenye bodaboda, twende nayo Kirua, iwe mshenga! Iwaambie wakwe: mimi nilitukanwa, nikasamehe, nyie ni nani?

Ndelilio hakucheka. Aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa kimfuko cha nailoni. Ndani yake lile jani, refu, kijani, ncha imeanza kujikunja.

— Leo nimeweka jani jingine kwenye duara, ikakataa. Inalijua hili hili. Nimelitunza kwa ajili ya Jumamosi.

Mlango ukasukumwa. Gladys aliingia, katoka Kirua na dumu la maziwa ya Bi Elisifa, kanga imemganda mabegani kwa mvua.

— Shikamoo, Bibi.

— Marahaba, mwanangu. Weka hapo.

Aliweka. Aligeuka, akamwona mumewe, akaliona jani.

— Hilo ni la nani?

Injinia alichungulia kikombe chake kana kwamba kina waya. Wakili akavuta pumzi.

— Wahenga walise...

— Ukitoa methali, nakupiga na birika, alisema Bi Elisifa.

Injinia aliinyoosha mikono kulifikia birika lenyewe, walau apate cha kumeza. Lilikuwa kavu.

— Kahawa imekwisha, alisema Bi Elisifa. Tokeni.

— Bibi, mvua hiyo!

— Mvua haina mikono, itawafanya nini? Tokeni!

Wakatoka, wamejifunika gunia moja, bado wanabishana kama mashine inaoa. Ndelilio naye akajiinua.

— Wewe kaa, Bi Elisifa alimwambia.

Akakaa. Jani lilikuwa limeshatoka kwenye nailoni, mkono uko hewani, haujui uende mbele au urudi kwenye koti. Gladys hakumsaidia. Alikuwa amekunja mikono, anangoja, kama mtu mwenye siku nzima.

— Gladys, alisema Ndelilio.

Bi Elisifa alijitupia kanga kichwani, akamtazama yule mzee kwa jicho la mtu aliyekwisha kuzika mume na hakuona haja ya kuongeza maneno mengi.

— Kwa mikono miwili, alisema.

Akatoka, akafunga mlango.