Mikono Iliyompokea Mama Kaburini

Assalamu alaikum, ndugu zangu! Sifa zote ni za Mola aliyenifungulia mlango wa jela kwa siku moja, nikazika, nikarudi kwa miguu yangu.

Nilifungwa Chake Chake kwa kumvunja mtu mkono katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Sikuonewa. Nyumbani Ole nilimwacha mama peke yake. Wazee wake walitoka bara, na hapa kisiwani hakuwa na maharimu, jamaa wa damu wa kumshusha kaburini, ila mimi mwanawe. Alikuwa akiniambia, "Siku yangu ikifika, unishushe wewe. Nisipokewe na mikono ya watu baki."

Asubuhi moja sisi wafungwa tunafyeka njia kule Madungu, jirani yetu Bi Time akaja analia. Nilijua kabla hajasema. Ndugu zangu, nilikata tamaa! Askari mmoja akasema, "Mfungwa ni mfungwa. Leo mazishi, kesho mtataka harusi!" Nikaketi chini, chozi halitoki. Niliomba tu: Ya Rabbi, mama hana mwengine.

Nikapelekwa kwa bwana jela. Akanitazama.

"Ukikimbia?"

"Nikimbilie wapi, bwana? Niliyekuwa namkimbilia ndiye huyo amekufa."

Akaniruhusu, bila pingu! Akanipa askari mmoja, Juma, mtu wa Tumbe.

Nilimpokea mama kaburini nikiwa na nguo za jela, nikamlaza kwa mikono yangu. Juma alivua viatu, akashika shuka la kumsitiri mama juu ya kaburi, akawa anawafokea walioshika naye: "Kazeni huko, nyinyi!" Mzee mmoja akamjibu, "Taratibu, afande, sisi hujatufunga bado!" Hata mimi nilicheka. Mama angecheka zaidi.

Kisha Juma akala wali wa msibani mpaka njiani akashindwa kutembea. "Tangulia," akaniambia, "nnakuja." Basi nikafika peke yangu, nikagonga lango la jela.

"Askari wako yuko wapi?" akauliza bwana jela.

"Anakuja, bwana. Ameshiba."

Alicheka mpaka akashika ukuta! Na wiki ile ile mfungwa mwenzetu aliyepata mtoto akapewa ruhusa akamwadhinie mwanawe sikioni. Naye alirudi.

Wako wasemao mfungwa asipewe kitu. Mimi nilipewa siku moja, na mpaka leo nalala usingizi mzuri. Alhamdulillahi! Ndugu zangu, wewe uliyefungiwa, mwombe Mungu wala usichoke. Na wewe uliyeshika ufunguo, usiogope kuamini mtu.