Mzee Hadubini na Mguu wa Dada Yake

Kwa masikitiko makubwa, familia inatangaza kwamba Mzee Hadubini, mtu aliyefahamu mambo mengi ambayo hakuna aliyetaka kuyafahamu, amenyamaza. Leo, kwa mara ya kwanza katika shughuli ya ukoo huu, wageni watakula mpaka wamalize sahani.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1951, mtoto wa tano kati ya saba, katika chumba kilichokuwa nyuma ya bucha la baba yake. Wageni wa kwanza kuja kumtazama walikuwa nzi. Dada yake aliyemtangulia kwa miaka minne, ambaye sote tunamwita Shangazi, alipewa kitambaa awafukuze. Mtoto akawa analia kila walipoondoka. Shangazi anasema dalili aliziona siku hiyo hiyo.

Alianza shule mwaka 1959. Alipokuwa darasa la tano, mwalimu aliagiza kila mmoja alete kiumbe hai kwenye chupa. Wenzake walileta panzi na vyura. Yeye alileta mnyoo wa tumboni, mrefu kama penseli mpya.

"Huyu umemwokota wapi?" mwalimu akauliza, chupa ikiwa karibu na pua.

"Sijamwokota, mwalimu. Nimemtoa mwenyewe leo asubuhi, baada ya dawa."

Mwalimu alitoka nje, akakaa huko mpaka kengele ikalia. Marehemu alipewa alama nane kwa kumi na akafukuzwa shule siku mbili. Shangazi, aliyesoma madarasa ya mbele, aliitwa "dada wa mnyoo" mpaka alipomaliza.

Alihitimu ufundi wa maabara mwaka 1972. Kuanzia tarehe 3 Januari 1973 hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011, alikalia kiti kile kile, nyuma ya dirisha dogo la maabara ya hospitali, akipima choo cha watu. Kazi aliijua, hilo hata adui zake hawabishi. Tatizo lilikuwa akitoka nje. Majina ya watu alikuwa anayasahau, ila mayai ya minyoo yao hakuyasahau kamwe. "Wewe si yule wa tegu?" alimuuliza bwana mmoja aliyesimama na wakwe zake mbele ya duka la dawa. "Kichwa kilitoka?"

Mkewe alikutana naye pale dirishani mwaka 1977, alipoleta kikopo chake kimefungwa kwenye gazeti. Marehemu alipenda kusema kwamba yeye alimjua mkewe ndani kabla ya kumjua nje, na kote alimkuta safi. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 9 Desemba 1978. Kwenye karamu, Shangazi alikuwa na kijiko cha asali mdomoni bwana harusi aliposimama kushukuru wageni. Akawaeleza kwamba nyuki humeza maji ya maua, akayatapika mdomoni mwa mwenzake, naye akayatapika kwa mwingine, mpaka yaive. Kijiko kikarudi sahanini pamoja na kilichokuwamo. Asali hajaionja tena. Mtoto wa kwanza alipozaliwa, marehemu aliwafahamisha waliokuja kumwona kwamba watu wazima wengi wana vijidudu vya miguu minane vinavyoishi kwenye mashina ya kope. Wageni wakafumba macho, kisha wakayafumbua upesi.

Kabla ya ugonjwa wake kuna ugonjwa wa mtu mwingine. Shangazi mwenyewe ameagiza usomwe, ingawa sasa hivi anatazama pembeni.

Agosti 2016, kidonda cha kisukari kilimla Shangazi unyayo. Harufu ilikuwa inamtangulia kufika sebuleni. Daktari wa upasuaji akapanga kuukata mguu chini ya goti, Jumatatu tarehe 22. Marehemu akasema wapo funza wa tiba, wanaofugwa kwa usafi maabara, wanaokula nyama iliyooza na kuiacha iliyo nzima.

"Wajaribu, mzee," daktari akasema. "Lakini Jumatatu nakata."

"Bora nizikwe na mguu mmoja," Shangazi akasema.

Marehemu aliwaagiza hivyo hivyo. Walifika Alhamisi. Kwa kuwa walitakiwa kukaa penye ubaridi, na kwa kuwa alimjua dada yake, aliwaficha kwenye friji la Shangazi, ndani ya kopo la siagi. Ijumaa asubuhi Shangazi akalifungua, kisu mkono huu, mkate mkono ule. Marehemu alimkuta ameketi sakafuni.

"Wewe mtoto, umeniwekea nini humu?"

"Madaktari, dada. Wamelala."

"Nakuonea kinyaa tangu una miaka kumi na miwili."

"Najua. Lakini wao hawanuki. Mguu ndio unanuka."

Shangazi akautazama mguu wake. Lisilo budi hutendwa. "Nifunge macho," akasema. "Na usinielezee chochote."

Alimfunga. Na alimwelezea. Hospitalini, bandeji ikiwa inatekenya, aliketi kando ya kitanda akimfafanulia kwamba wale hawatafuni. Wanatema mate yanayoyeyusha uozo, kisha wanaunywa kama supu. Shangazi hajanywa supu tangu siku hiyo. Jumapili funza walitolewa wamenona, na kidonda kikaonekana chekundu na safi. Jumatatu daktari alikitazama, akakinusa, akafuta jina la Shangazi kwenye orodha ya upasuaji. Shangazi hakusema asante. Kinyaa hakikumruhusu.

Marehemu alianza kuugua figo mwaka 2022, akafariki Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, katika hospitali ile ile aliyoitumikia. Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu saba wanaochunguza kope zao kwenye kioo, na Shangazi, aliyeingia hapa leo kwa miguu miwili.

Siku moja kabla marehemu hajafariki, Shangazi alipanda ghorofa tatu kwa ngazi, lifti ikiwa nzima. Akaketi, akamshika mkono, mkono ambao kwa miaka arobaini na tano, tangu ile asali ya harusini, alikataa kuushika.

"Wewe mtoto. Asante kwa mguu. Neno hili limenikwama kooni miaka saba." Akafuta machozi. "Sasa ukienda, upumzike kwa amani."

Marehemu akatikisa kichwa.

"Siku tatu za kwanza ni kuvimba tu, dada."